Injini Inakula Kidogo: Kwa Kazi Gani?

Kitenzi "kula" kina tumbo kubwa katika lugha yetu. Mtu hula ugali, hula kiapo, hula hasara, hula njama na, kwa msiba wetu, hula rushwa. Tangu mashine zilipoingia Afrika Mashariki, nazo pia hula: mashine ya kusaga hula dizeli, basi hula dizeli, mashua yenye injini hula dizeli. Usemi huu ni mzuri na hauna kosa la kisarufi. Lakini una pengo. Ukisema "injini hii inakula kidogo," umemtaja mlaji na umetaja kiasi cha chakula. Hukutaja kazi iliyofanywa baada ya mlo. Mkulima hamsifu ng'ombe wa kulimia kwa sababu tu anakula nyasi chache. Huuliza kwanza amelima kiasi gani. Katika makala haya nakusudia kuonyesha kwamba pengo hilo dogo la lugha linaweza kumfilisi mvuvi wa Ziwa Turkana, na kwamba walimu na wanafunzi wa Lodwar na Kakuma ndio wenye uwezo wa kuliziba.

Lodwar haiko ufuoni. Kutoka mjini hadi Kalokol, karibu na Ghuba ya Ferguson, ni safari ya kilometa 60 hivi. Hata hivyo mambo mengi ya ziwani huamuliwa mjini, maana ndiko kwenye benki, maduka, ofisi za kaunti na mafundi. Katika ziara yangu moja huko, kijana niliyewahi kumfundisha, ambaye sasa ni mwalimu wa hisabati, alinionyesha karatasi ya muuzaji wa injini. Kikundi cha wavuvi kilikuwa kimechanga fedha kwa ajili ya mashua ya mbao yenye urefu wa meta 9, na wazee wakamwambia: "Mwalimu, wewe umesoma, tuchagulie." Karatasi ile ilikuwa na picha nzuri na maneno manne yaliyopigwa chapa nene: nguvu nyingi, mafuta kidogo. "Daktari," akaniuliza, "hapa kuna habari gani?" Nilimjibu kwamba, kwa upande wa isimu, hapakuwa na habari yoyote. Nyingi kuliko nini? Kidogo kwa saa, kwa kilometa, au kwa kilo ya samaki?

Neno "nguvu" lenyewe lina utata. Katika mazungumzo ya kila siku hubeba mzigo wa maneno matatu ambayo mwalimu wa fizikia hulazimika kuyatenga: kani, yaani msukumo wenyewe, nishati, yaani uwezo wa kufanya kazi, na kasi ya kuitumia nishati hiyo, ambayo tunaipima kwa kilowati au kwa nguvu za farasi. Muuzaji anaposema injini ina nguvu nyingi, mvuvi husikia kwamba mashua itasukumwa vizuri. Kumbe alichoambiwa ni kwamba injini ina uwezo wa kuteketeza mafuta kwa kasi kubwa. Kama uwezo huo utageuka kuwa mwendo ni swali jingine kabisa.

Swali hilo lina uzito wa pekee Turkana kwa sababu ya safari ndefu ya mafuta yenyewe. Dizeli hushuka melini Mombasa, husafiri kwa bomba hadi Eldoret, kisha hupanda malori kwenda kaskazini kupitia Kitale. Mamlaka ya nishati, EPRA, hutangaza bei za juu kabisa za mafuta tarehe 14 ya kila mwezi, na gharama ya safari imo katika hesabu hizo. Mafuta yakishatoka kituoni Lodwar na kuingia katika jerikeni zinazopelekwa ufuoni, bei hupanda tena. Ni kinaya kikubwa, kwani mwaka 2012 mafuta ghafi yaligunduliwa katika kisima cha Ngamia 1, katika kaunti hiyo hiyo, na shehena ya kwanza ya majaribio iliondoka bandari ya Mombasa Agosti 2019. Mvuvi wa Kalokol bado anasubiri lita yake irudi kutoka pwani.

Jina "dizeli" lenyewe lina funzo. Ziwa hili, ambalo Waturkana huliita Anam Ka'alakol, lilipewa na Wazungu jina la Rudolf mwaka 1888, pale Teleki na von Höhnel walipofika huko na kulitunuku kwa mwana wa mfalme wa Austria. Jina hilo lilidumu hadi 1975. Miaka michache baada ya 1888, Rudolf mwingine, mhandisi Mjerumani aliyezaliwa Paris, alikuwa akishughulika na jambo lililomuudhi: injini za mvuke za wakati wake zilipoteza takriban sehemu tisa kati ya kumi za joto la makaa. Rudolf Diesel alipata hataza yake mwaka 1893, na mwaka 1897, huko Augsburg, injini yake ilipimwa ikaonekana kugeuza zaidi ya robo ya nishati ya mafuta kuwa kazi. Mwaka 1913 alitoweka usiku kutoka katika meli iliyokuwa ikivuka kwenda Uingereza, lakini jina lake limebaki kwetu kama nomino ya kawaida, bila herufi kubwa. Basi neno hili tangu asili yake halikuwa sifa ya ukubwa wa injini. Lilikuwa jibu la swali la matumizi mazuri ya mafuta.

Siri yake ni rahisi kueleza darasani. Injini ya petroli hubana mchanganyiko wa hewa na mafuta, kisha huuwasha kwa cheche. Ikibana kupita kiasi, mchanganyiko hulipuka kabla ya wakati. Injini ya dizeli hubana hewa peke yake, mara 16 hata 20 na zaidi, hadi ikawa ya moto sana. Ndipo mafuta hunyunyizwa na kuwaka yenyewe. Kubana zaidi ndiko kunakoleta faida. Lita moja ya dizeli ina nishati ya kama kilowati-saa 10. Injini ndogo nzuri hutoa katika mhimili wake kilowati-saa tatu au zaidi kidogo, na iliyobaki hupotea kama joto. Injini kuukuu ya petroli yenye mipigo miwili, ile inayochanganyiwa oili, inaweza kuhitaji mafuta mara mbili ya hayo kwa kazi ile ile.

Lakini kazi ya mhimili bado si mwendo wa mashua. Kati ya injini na maji ipo rafadha, na rafadha huweza kupoteza nusu ya kile ilichopewa. Rafadha ndogo inayozunguka kwa kasi hukoroga maji kama mwiko katika sufuria. Rafadha kubwa inayozunguka polepole huyasukuma maji nyuma kwa utulivu, na mashua husonga mbele. Kwa hiyo injini ya dizeli iliyofungwa ndani ya mashua, yenye gia ya kupunguza mizunguko mara mbili au tatu na rafadha pana, huweza kuipita mbali injini yenye sifa nzuri karatasini lakini yenye rafadha isiyoifaa. Anayenunua injini bila kuuliza habari za gia na rafadha amenunua nusu ya chombo.

Baada ya rafadha, liangalie umbo la mashua. Katika karne ya 19 Mwingereza William Froude alichunguza kwa vielelezo vidogo jinsi chombo kinavyotengeneza mawimbi, akaonyesha kwamba mwendo wake unafungamana na urefu wake. Kwa mashua ya kawaida isiyopaa juu ya maji, kanuni ya kukadiria ni hii: chukua kipeuo cha pili cha urefu wake majini kwa meta, zidisha kwa 4.5, na utapata kilometa kwa saa ambazo ukizipita mashua huanza kupanda mlima wa wimbi lake yenyewe. Tukihesabu meta zote 9 kuwa majini, kipeuo ni 3, na kikomo ni kilometa 13.5 kwa saa. Ukiongeza nguvu kupita hapo, unanunua mawimbi na kelele.

Hata kabla ya kikomo hicho, bei ya haraka ni kali. Nguvu inayohitajika hukua takriban kwa mchemraba wa mwendo. Tuchukulie kwamba mashua yetu yahitaji kilowati 6 kwenda kilometa 11 kwa saa, na kwamba injini yetu ya dizeli hutumia lita 0.3 kwa kila kilowati-saa. Safari ya kilometa 33 itachukua saa 3 na lita 5.4. Nahodha akiamua kwenda kilometa 13.5 kwa saa, atahitaji kilowati 11 au zaidi; atafika dakika 33 mapema, na atakuwa ameteketeza lita 8.1 hivi. Ameongeza nusu ya mafuta ili kuokoa muda wa kunywa chai. Kama samaki wake watakaushwa juani, dakika hizo hazina thamani sokoni. Kama ni samaki wabichi na hana barafu katika joto la Turkana, na apige hesabu upya, maana huenda zina thamani. Wahenga waliposema haraka haraka haina baraka hawakujua mchemraba, lakini jibu lao ni lile lile.

Sasa tuondoke ziwani kidogo twende Kakuma, kilometa 120 hivi kaskazini-magharibi ya Lodwar. Huko hakuna mashua. Mto Tarach huwa mchanga mtupu sehemu kubwa ya mwaka. Lakini Kakuma ni shule kubwa ya injini za dizeli. Tangu kambi ya wakimbizi ilipofunguliwa mwaka 1992, na hasa kabla nishati ya jua haijaenea, wafanyabiashara wa kambini walinunua jenereta na kuwauzia majirani umeme kwa waya. Mmoja wao, mtu wa Kongo anayezungumza Kiswahili kitamu cha mashariki ya nchi yake, aliniambia jambo ambalo ningependa liandikwe ubaoni. "Mwalimu," alisema, "jenereta kubwa yenye wateja wachache ni ugonjwa. Inakula hata kama watu wamelala." Alikuwa amebadilisha jenereta yake kubwa kwa ndogo, na hesabu yake hakuiandika kwa lita kwa saa bali kwa lita kwa kila duka lililowashwa taa.

Mfanyabiashara huyo alikuwa ameliziba pengo la kitenzi "kula" bila msaada wa mwanaisimu. Na kanuni yake yahusu mashua moja kwa moja, kwa kuwa injini ni ile ile. Kila injini ina gharama ya kujizungusha yenyewe, ibebe mzigo au isibebe. Dizeli hufanya kazi vizuri zaidi ikibebeshwa kati ya theluthi mbili na robo tatu hivi ya uwezo wake. Ikikaa muda mrefu na mzigo mdogo, mafuta hayaungui vyema, masizi hujikusanya, na silinda huchakaa. Mashua inayohitaji kilowati 6 kwa safari ya kawaida haipaswi kufungwa injini ya kilowati 30 kwa ajili ya fahari. Kilowati 10 hadi 12 zatosha, na akiba imo humo.

Akiba lazima iwepo, wala pasitokee mtu wa kuniambia kwamba nahubiri ubahili. Ziwa Turkana lina urefu wa takriban kilometa 250 na upepo wake wa kusini-mashariki hauna mzaha, hasa usiku na asubuhi. Ni upepo huo huo unaozungusha mitambo 365 ya umeme karibu na Loiyangalani, ng'ambo ya ziwa. Mashua itokayo Kalokol kwenda katikati ya ziwa huukabili uso kwa uso. Injini isiyoweza kuwarudisha watu nyumbani katika dhoruba si ya bei nafuu hata ikitumia kijiko kimoja cha mafuta. Kwa hiyo swali la ufanisi huja baada ya swali la usalama, na majibu yote mawili hupatikana kwa hesabu.

Je, basi kila mvuvi anunue dizeli? La. Tuendelee na mfano wetu. Kwa kilowati 6 na safari ya saa 6 kwa siku, dizeli hutumia lita 10.8, injini kuukuu ya petroli itumiayo lita 0.6 kwa kilowati-saa hutumia lita 21.6. Kikundi kinachokwenda ziwani siku 20 kwa mwezi kitaokoa lita 216. Ikiwa tofauti ya bei ya kununua ni sawa na thamani ya lita 2,600, na tukichukulia kwa urahisi kwamba bei za mafuta hayo mawili zinalingana, deni litajilipa kwa mwaka mmoja. Lakini mvuvi anayetoka siku 5 tu kwa mwezi ataokoa lita 54, na atasubiri miaka minne. Huyo huenda akafaidika zaidi na injini ndogo ya petroli ya mipigo minne, ambayo ulaji wake uko katikati, au na tanga.

Kuna mambo mengine ambayo karatasi ya muuzaji haiyataji. Dizeli ni nzito, na mhimili wake chini ya mashua hauupendi ufuo wa mchanga wenye maji mafupi, wakati injini ya kupachika nyuma huinuliwa kwa mkono. Wavuvi wa Thailand wametatua tatizo hilo kwa kufunga injini ndogo ya dizeli juu ya shetri ikiwa na mhimili mrefu unaoinuliwa kama mpini wa jembe. Fundi wa Lodwar anayejua mashine ya kusaga angeielewa mara moja. Maji ya ziwa hili ni ya magadi, na magadi hayapatani na alumini, kwa hiyo injini inayopozwa kwa maji ya ziwa yapaswa kuchunguzwa kwa makini zaidi. Dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa huharibu pampu, ndiyo maana mwaka 2018 serikali ya Kenya iliyatoza mafuta ya taa ushuru wa kuzuia uchakachuaji. Na juu ya yote, ipo habari ya vipuri. Kitale iko karibu kilometa 300 kutoka Lodwar. Injini yenye ufanisi wa ajabu ambayo kipuri chake hakipatikani karibu zaidi ya Nairobi itakuwa kiti cha kuku.

Turkana ilishawahi kulipa ada ya funzo hili. Kuanzia miaka ya 1970 Norwe ilisaidia uvuvi wa Ziwa Turkana, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 kiwanda cha kisasa cha kugandisha samaki kikakamilika Kalokol. Lilikuwa jengo zuri, lenye nia njema. Lakini kugandisha samaki jangwani kulihitaji nishati nyingi na maji safi mengi, na gharama ikashinda thamani ya samaki. Mitambo ilizimwa muda mfupi tu baada ya kuwashwa. Kisha, katika miaka hiyo hiyo ya 1980, ziwa likapungua na Ghuba ya Ferguson ikakauka. Kipya kinyemi ingawa kidonda. Sisemi haya kuwacheka wafadhili. Nasema kwamba swali "kitakula kiasi gani kwa kila kilo ya samaki?" lilistahili kuulizwa kwa sauti kubwa, na kwa lugha ambayo wenye samaki wanaisikia.

Hapo ndipo walimu na wanafunzi wanapoingia. Katika shule zetu za Kenya kipeuo cha pili, mchemraba, ufanisi na nishati hufundishwa kwa Kiingereza, na mwanafunzi hupata alama zake kwa Kiingereza. Akirudi ufuoni, baba yake anamwuliza kwa Kiswahili au kwa Ng'aturkana ni injini ipi ichaguliwe, naye hana maneno. Si kwamba hajui. Ujuzi wake umefungiwa katika chumba ambacho familia haina ufunguo wake. Istilahi zipo: ufanisi, kani, nishati, mhimili, rafadha, mzigo. Zinachohitaji ni kutumiwa.

Napendekeza zoezi moja, lisilohitaji maabara. Wanafunzi wa Lodwar na wavuvi wa Kalokol wachukue mashua moja, mtungi wenye alama za lita, na saa ya mkononi. Waende umbali ule ule kwa mwendo wa aina tatu, kwenda na kurudi ili upepo usiwadanganye, na kila mara waandike lita zilizopungua. Wa Kakuma wafanye vivyo hivyo kwa jenereta, wakihesabu taa badala ya kilometa. Kisha matokeo yaandikwe kwa Kiswahili na kwa Ng'aturkana katika jedwali moja, yabandikwe mahali pa kupokelea samaki, na nakala ipelekwe Chuo Kikuu Kishiriki cha Turkana. Kikundi chochote kitakachotaka kununua injini kiwe na jedwali hilo mkononi kabla ya kusoma karatasi ya muuzaji.

Yule mwalimu wa hisabati hakuwachagulia wazee wake injini siku ile. Aliwaandikia maswali sita: urefu wa mashua majini, mwendo wanaouhitaji, siku za kazi kwa mwezi, lita kwa kilometa katika mwendo huo, gia na rafadha, na mahali pa kupata vipuri. Wazee wakaenda nayo kwa muuzaji. Alijibu mawili. Wakamwambia watarudi akishapata mengine manne.